SUV si kipimo cha usalama: Noah, Harrier na hoja ya "gari la juu"

Mzazi mwenye watoto watatu akiuliza anunue gari gani, jibu analopata siku hizi ni moja: "Chukua SUV, iko juu, ni salama." Akitaja Noah anaambiwa hilo ni gari la abiria, litamuua na familia yake. Harrier inaitwa SUV, RAV4 inaitwa SUV, Prado nayo SUV, na jina hilo linatajwa kana kwamba ni cheti cha usalama. Nimelisikia mara nyingi mno, tena kwa watu wanaokaribia kutoa mamilioni yao, ndiyo maana nimeona niandike.

Maana yenyewe haina mambo mengi. SUV ni gari la kubeba watu lenye umbo la gari la porini: limeinuka, lina bodi iliyofunikwa hadi nyuma, na asili yake ni bodi iliyokalishwa juu ya chesisi ya pikapu. Minivan, kama Noah, ina sakafu ya chini, safu tatu za viti na, kwa nyingi tunazoziona huku, milango ya pembeni inayoteleza. Basi. Shida iko kwenye mambo mawili ambayo jina SUV limeyafunika.

La kwanza ni chesisi. Inama uchungulie chini ya Prado: utaona mihimili miwili minene ya chuma imetoka mbele hadi nyuma, na bodi imefungwa juu yake kwa boliti. Ndani kuna swichi au gia ya L4, ile ya kutokea kwenye tope. Sasa nenda kachungulie Harrier. Mihimili hiyo huioni, kwa sababu bodi yenyewe ndiyo fremu. Harrier ya kwanza, ya 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Camry, gari dogo la kawaida la familia. RAV4 iliyotoka 1994 nayo ilikuwa ya aina hiyo. Magari haya huitwa krosova, na nyingi zilizoko mtaani zinavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Hiyo si kasoro. Kwenye lami krosova hutulia kuliko gari la chesisi na hula mafuta kidogo.

Na Noah je? Kuanzia 2001 Noah nayo ina injini mbele, haina chesisi, na ya kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele. Kiufundi Harrier iko karibu na Noah kuliko ilivyo karibu na Prado. Wengi wanaoiogopa Noah wana picha ya ile ya zamani ya miaka ya 1990, TownAce Noah, yenye pua fupi na injini chini ya viti vya mbele, ambapo miguu ya dereva iko karibu sana na bampa. Wengine wana picha ya Noah za abiria zinazopakia watu hadi mlango haufungi. Hofu zote mbili zina msingi, lakini hazihusu Noah ya nyumbani ya 2010 yenye watu saba waliofunga mikanda.

La pili, na hili ndilo linalonikera hasa, ni hilo neno "juu". Gari lina kimo cha aina tatu na watu wanavichanganya. Kuna nafasi kati ya tumbo la gari na barabara: Noah ina sentimita 16 hivi, Harrier ya 2014 ina 19 hivi, Prado inafika 22. Hiyo hukusaidia kwenye mashimo na makorongo. Kuna kimo cha paa. Halafu kuna kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika. Hicho cha tatu, pamoja na upana wa gari, ndicho kinachoamua kama litapinduka ukikwepa mbuzi kwa ghafla. Shirika la serikali la usalama barabarani Marekani, NHTSA, hulifanyia hesabu: umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, ugawe kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likiwa dogo, gari ni jepesi kupinduka. Kreti la soda likilala limetulia. Lisimamishe wima, mtoto ataliangusha kwa kidole.

Kwa kipimo hicho, kuwa juu ni hatari. Wamarekani walijifunza kwa machungu. Ford Explorer ya miaka ya 1990 ilitokana na pikapu ya Ranger, na tairi zake za Firestone zilipokuwa zikibanduka kwenye mwendo kasi, magari hayo yalipinduka na kwa miaka kadhaa watu zaidi ya 200 wakafa. Mwaka 2000 mamilioni ya tairi yalirudishwa. Toka hapo ukawekwa mkazo zaidi kwenye mfumo wa kompyuta unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza. Kwenye Toyota huandikwa VSC. Marekani imeulazimisha kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia toleo la 2012, na SUV mpya zenye mfumo huo si zile za kupinduka kama zamani.

Hapa inabidi niwe mkweli pia kwa wapenzi wa Noah. Makala za Marekani zinazosifia minivan zinaongelea gari kama Toyota Sienna, lenye upana wa karibu mita 2 na kimo cha karibu mita 1.8. Noah yetu ina upana wa milimita 1,695 na kimo cha 1,850. Wembamba huo umetokana na sheria ya Japani ya daraja la magari madogo: upana usizidi mita 1.7, injini isizidi cc 2,000. Linganisha na Harrier ya 2014: upana 1,835, kimo 1,690. Umeona? Ile inayoitwa "gari la juu" ina paa la chini kuliko Noah, na ni pana zaidi. Noah inajiokoa kidogo kwa sakafu yake ya chini, lakini ukifunga keria, ukapandisha magunia na mabegi ya safari ya Moshi ya Desemba, umekipandisha kitovu cha uzito kwa mikono yako. Kwenye kona za kasi haitakuvumilia.

Kwa hiyo usiulize jina. Washa swichi bila kuwasha injini utazame dashibodi: taa ya mifuko ya hewa (airbag) iwake sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa ili kuficha mifuko iliyokwisha kufyatuka. Tafuta taa au kitufe cha VSC. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya tairi; 2319 maana yake ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Gharama nazo hazifuati jina. Tanzania ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 2,000, kwa hiyo Noah ya cc 1,986 na Harrier mpya ya cc 1,986 ziko kundi moja, wakati Harrier ya zamani ya cc 2,362 imeshapanda daraja, na Prado ya cc 2,693 pia. Tairi la Noah ni 195/65R15, la Harrier ni 225/65R17, la Prado 265/65R17. Peleka namba hizo dukani, tofauti ya bei utaiona mwenyewe.

Halafu hesabu vichwa. Harrier ina viti vitano. Baba, mama, watoto watatu, umemaliza. Akiongezeka bibi au dada wa kazi, mtoto mdogo anapakatwa, na anayepakatwa hana mkanda. Gari likigonga kwa kilomita 60 kwa saa hakuna mikono inayoweza kumshika. Noah ina mikanda ya watu saba au wanane, ingawa wa kati kwa baadhi ni wa kiunoni tu, kwa hiyo uvute mmoja mmoja uone kama unanasa.

Ndugu anayeuza Noah ili achukue Harrier "kwa usalama wa watoto" huenda anapata gari zuri kabisa, lililo tulivu barabarani. Kama nyumbani wako watano, sina neno. Kama wako sita au saba, ningemwomba abaki na Noah yake, aondoe keria, na pesa ambayo angeongezea kwenye Harrier anunue tairi mpya nne.