Mbio za baiskeli za hatua: mshindi hahesabiwi kwa hatua alizoshinda

Watazamaji wengi huamini kuwa anayeshinda hatua nyingi zaidi (hatua ni kipande cha mbio kinachoendeshwa kwa siku moja) ndiye bingwa wa mbio nzima. Si ajabu: kila jioni tunaonyeshwa aliyeinua mikono kwenye utepe.

Kinachoamua ni muda. Saa, dakika na sekunde za kila hatua hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Katika Tour de France, mbio maarufu za Ufaransa zenye hatua 21, bingwa wa 1990 hakushinda hatua hata moja, na wa 2017 vilevile.

Siri iko kwenye kundi. Waendeshaji wakifika pamoja hupewa muda uleule, hivyo mpiga mbio hodari wa mita za mwisho anaweza kushinda hatua tano za tambarare akaambulia faida ya sekunde chache tu. Mlimani, mpinzani wake anaweza kumwacha kwa dakika nzima. (Hata mimi nilichelewa kulielewa hili.)

Ukitaka kuhakiki, fungua matokeo rasmi ya hatua yoyote. Miongoni mwa orodha utakazokuta, tazama mbili: ya siku hiyo na ya jumla. Linganisha majina ya juu.