Mafunzo ya piano hayatoshi kwa kila mwimbaji

Wengi huamini kwamba ukishafundishwa kuimba kwa piano, kama wanakwaya, utaweza mtindo wowote. Si kweli. Kudhibiti pumzi na kutunza koo kutakufaa popote, hilo halina ubishi. Ila anayetaka taarabu asilia atakwama kwenye maqamu, yaani mipangilio ya noti yenye asili ya muziki wa Kiarabu. Katika maqamu ya rasti, noti ya tatu huangukia katikati ya vitufe viwili vya piano vilivyo jirani. Hakuna kitufe cha kuipiga. Sikio hujifunza noti hiyo kwa kufuata udi au fidla, tena polepole. Chuo cha muziki cha DCMA, Zanzibar, hufundisha taarabu kwa ala hizo. Kabla ya kulipa ada, mwombe mwalimu akuimbie kipande cha mtindo unaoutaka.