Rivers hakuwaambia wanajeshi "fungukeni tu"

Ukitajwa ugonjwa wa akili wa wanajeshi, hakosi mtu wa kumsimamisha W.H.R. Rivers kama shahidi: "Aliyeumia afunguke, atoe yote ya moyoni, atapona. Hata yule daktari wa Vita Kuu ya Kwanza alithibitisha." Riwaya na filamu za miaka ya 1990 zilimpamba hivyo, na semina za siku moja zikamalizia kazi. Marehemu amepita miaka mia kaburini na bado anasingiziwa. Nimechoka. Tumkumbuke basi, lakini kwa aliyoyafanya.

Wasifu wake niupitie mbio. Alizaliwa Kent, Uingereza, 1864, akahitimu udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London, 1886. Mwaka 1898 alisafiri na msafara wa Alfred Haddon hadi visiwa vya Torres Strait, kupima uoni na hisia nyingine za wenyeji. Kuanzia 1903 alimpima mwenzake Henry Head, aliyekubali neva ya mkono wake mwenyewe ikatwe ili waone hisia zinarudi kwa mpangilio gani. Vita ilimkuta mtu mzima wa miaka 50. Mwaka 1915 alikuwa katika hospitali ya Maghull, karibu na Liverpool, akitibu askari wa kawaida. 1916 akapewa cheo cha kapteni na kupelekwa Craiglockhart, karibu na Edinburgh, hospitali ya maafisa. Mwishoni mwa 1917 akahamia hospitali ya wanahewa huko Hampstead. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Alifariki Cambridge tarehe 4 Juni 1922, kwa ngiri iliyobana utumbo hadi damu ikakatika. Ilikuwa sikukuu ya Pentekoste na msaidizi wake alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Utumbo ukibanwa hivyo saa ndizo zinazoamua, na upasuaji wa dharura haukumwokoa. Alikuwa na miaka 58.

Sasa tufike penye ugomvi wangu.

Desemba 1917 Rivers aliwasomea madaktari wenzake jijini London mada kuhusu kukandamiza kumbukumbu za vita, ikachapishwa mwaka uliofuata. Kila anayemtaja amtaje kwa mada hiyo, maana mbinu yake yote imo humo. Swali lake la kwanza kwa mgonjwa halikuwa "niambie ulichokiona". Alitaka kujua mgonjwa ameshauriwa nini. Karibu wote walikuwa wameambiwa jambo moja, na madaktari, na ndugu, na marafiki: sahau. Yaliyopita si ndwele. Waza mandhari nzuri, cheza gofu, soma, jishughulishe. Na walitii! Mchana kutwa afisa anapambana kutowaza. Jioni ikianza kuingia hofu inapanda kwa sababu anajua kinachomngoja. Usiku jinamizi linamrushia kila alichokizuia mchana, anaamka ameloa jasho, anatapika, asubuhi hana nguvu, na mchana anaanza kuzuia upya. Rivers alimweleza mgonjwa mzunguko huo, kisha akamwambia aache kupigana nao. Baadhi yao walipata nafuu kwa hatua hiyo peke yake.

Hapo ndipo wasomaji wengi hufunga ukurasa na kukimbilia kwenye "kufunguka". Endeleeni kusoma, jamani.

Mfano wake mashuhuri ni wa afisa aliyefukiwa na mlipuko wa kombora, akaokoka, akarudi kazini, kisha akaporomoka alipotoka kumtafuta afisa mwenzake na kumkuta amelipuliwa vipande, kichwa na viungo vimeachana na kiwiliwili. Tangu hapo rafiki huyo alimjia usiku, mara akiwa vilevile vipande, mara akiwa na ukoma, akimsogelea. Kumwambia mtu kama huyu "simulia tena" ni kumwongezea adhabu. Rivers alifanya jambo jingine: alimwonyesha kwamba hali ile ile ya mwili ilikuwa ushahidi kuwa rafiki yake alikufa papo hapo, bila kuyapitia maumivu marefu ya majeruhi wengine. Mgonjwa akachangamka palepale. Hakuambiwa asahau, wala hakuambiwa amwage machozi. Alipewa upande mmoja wa picha ambao angeweza kuutazama mchana bila kukimbia. Siku kadhaa hakuota. Kisha akaota anakwenda kumtafuta rafiki yake, anamkuta amekatika vilevile, anapiga magoti kumvua mkanda na vitu vya thamani awapelekee jamaa zake, kama alivyofanya kweli, na akaamka analia taratibu. Hofu haikuwepo tena, ilibaki huzuni. Mtu aliyeko kwenye fani anajua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani. Huzuni ni msiba unaoendelea kama msiba.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kutafuta, ndani ya tukio lenyewe, kitu cha kweli kinachobebeka. Nasisitiza cha kweli. Si "Mungu ana mpango", si "wenzako wameona makubwa zaidi". Faraja ya kubuni mgonjwa huinusa mara moja, na kikao kijacho haji.

Na pale kisipopatikana? Rivers anaye mgonjwa wa namna hiyo katika mada ile ile, na ndiye ambaye washabiki wake hawamtaji kamwe. Afisa alirushwa na mlipuko, uso wake ukatua kwenye tumbo lililovimba la Mjerumani aliyekufa siku kadhaa nyuma, tumbo likapasuka, na kabla hajapoteza fahamu alitambua kilichomjaa kinywani. Baadaye ladha na harufu vilimrudia usingizini na hata macho. Rivers alitafuta upande wenye nafuu, hakuuona, na akaandika hivyo bila kujificha. Mgonjwa aliachishwa jeshi, akaenda kuishi mashambani alikokuwa amewahi kupata ahueni. Hakukuwa na ushindi hapo. Daktari anayechapisha kisa kilichomshinda, mbele ya wenzake wanaomwangalia kwa jicho la shaka, huyo ndiye ninayemheshimu.

Zaidi ya hapo, alionya dhidi ya upande wa pili. Wapo waliokwisha kuacha kukandamiza, wakahamia kwenye kuwaza vita asubuhi hadi usiku, kama ng'ombe anavyocheua, bila mwisho. Hilo nalo aliliona ni hatari. Ukimnukuu Rivers bila onyo hilo umenukuu nusu, na nusu hiyo ndiyo inayodhuru.

Je, alijua kwa nini mbinu yake ilifanya kazi? Aliyapima maelezo kadhaa: kutoa yaliyofichwa, kujifunza kuliona jambo upya, au imani tu ya mgonjwa kwa daktari. Mimi nina mashaka ambayo vitabu huyapitia kimyakimya. Wagonjwa wake walikuwa mbali na mahandaki, wanalala kitandani, wanakula, na mbele yao yupo mtu anayesikiliza bila kuwadharau. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Huenda sehemu kubwa ya dawa ilikuwa Rivers mwenyewe. Siegfried Sassoon, mshairi aliyepelekwa Craiglockhart Julai 1917 baada ya kutangaza kwamba anaupinga mwendelezo wa vita, aliandika kumbukumbu zake 1936 akiwabadilisha watu majina, lakini Rivers akamwacha na jina lake. Upendo wa namna hiyo haufundishwi kwenye semina.

Kuna jambo jingine halisemwi vizuri. Rivers alikuwa na sare. Nafuu ya mgonjwa ilimaanisha anaweza kurudishwa mstari wa mbele, na Sassoon alirudi, akapigwa risasi kichwani Julai 1918, akanusurika. Mshairi mwingine, Wilfred Owen, aliyetibiwa hospitali hiyo hiyo na daktari Arthur Brock, aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha. Rivers hakulikwepa hili. Katika kitabu chake cha ndoto, kilichotoka 1923 yeye akiwa amefariki, aliichambua ndoto yake mwenyewe ikionyesha jinsi mazungumzo na Sassoon yalivyomtikisa kuhusu vita. Wanaomwita mtakatifu na wanaomwita wakala wa jeshi wote wangeisoma kwanza.

Tena hii ni historia ya maafisa. Askari wa kawaida waliopoteza sauti waliangukia pengine kwa daktari Lewis Yealland, London, aliyewapiga umeme kooni mpaka watamke. Na wapagazi wa vita hiyo hiyo Afrika Mashariki, ambao kikosi chao, Carrier Corps, kiliacha jina la Kariakoo, hawakuwa na Craiglockhart yao.

Leo je? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2013, linakataza kumlazimishia mtu aliyetoka kwenye tukio kikao cha kusimulia yote kwa nia ya kuzuia kiwewe. Tiba ya kukabili kumbukumbu ipo na inasaidia, lakini ni vikao 8 hadi 15 vya dakika 60 hadi 90, kumbukumbu ile ile, kwa mpangilio, na kila kikao kinamalizika kwa kujadili maana yake. Hapa nakiri Rivers anaweza kupingwa: kurudia kwingi kuliko alivyopendekeza kunafanya kazi, mradi kuwe na mwelekeo. Tiba iitwayo CPT (Cognitive Processing Therapy) iko karibu naye zaidi, kwa kuwa inashughulika na hitimisho alilolifanya mtu juu ya tukio. Utafiti wa mashariki mwa Kongo uliochapishwa 2013 ulionyesha wanawake walionusurika ukatili wa kingono wakipata nafuu kubwa katika CPT ya vikundi iliyoendeshwa na wahudumu wa hapo hapo, waliopewa mafunzo na kusimamiwa.

Basi akija mtu leo kutoka kwenye mapigano au ajali, hakikisha usalama, maji, usingizi na ndugu wa karibu. Akitaka kusema, sikiliza. Asipotaka, usimchokonoe. Na mwezi ukipita jinamizi bado linamwamsha, mpeleke kwa anayejua kazi hii.