Je, daktari anayerejelewa sana ndiye msomaji bora wa vipimo?

Ni rahisi mgonjwa wa Kampala, au hata mwanafunzi wa udaktari, kuamini kuwa daktari wa patholojia (anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini) ambaye makala zake za limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, zimerejelewa mara nyingi ndiye atakayesoma kinyama cha uvimbe kwa usahihi zaidi. Inaeleweka, idadi hufanana na alama za mtihani.

Lakini kurejelewa ni kutajwa tu na mwandishi mwingine. Huenda anakusifu, anakupinga, au anaazima jina la ugonjwa. Makala zinazopanga aina za limfoma hutajwa sana, na mara nyingi zina waandishi wengi. Limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto, ilielezwa mwaka 1958 na daktari wa upasuaji aliyewaona watoto hao hapa Kampala, si na mwanapatholojia.

Kisha kuna kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 kumpima mtafiti: h ni idadi kubwa kabisa ya makala zake ambazo kila moja imerejelewa angalau mara hiyo hiyo. Mwenye makala tano zilizorejelewa mara 40, 12, 6, 5 na 2 ana h ya 4, kwa kuwa nne zimefikisha marejeo manne au zaidi. Hiyo ya 40 ingefika 3,000, h ingebaki 4 ile ile. Ajabu kidogo, kwa maoni yangu.

Ukitaka kuhakiki marejeo ya daktari, fungua makala inayomrejelea, tafuta jina lake ndani, usome sentensi nzima. Kuhusu kinyama chako au cha mwanao, uliza jingine: kilipimwa kwa kingamwili zinazotambua aina ya seli? Na kuna daktari wa pili aliyekitazama kwenye hadubini?