Kilichofutwa Mwaka 2021 ni Tozo, si Deni Lako

Malalamiko yanayotufikia sisi wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kutoka Tanga siku hizi yanafanana: "Mbona nakatwa mshahara, na madeni ya mikopo ya chuo si yalishafutwa?" Anauliza mwalimu wa Ngamiani, anauliza mhasibu wa kiwandani Pongwe, anauliza bwana shamba wa mashamba ya katani Muheza. Naamini wengi wanauliza kwa nia njema, kwa hiyo nitaeleza.

Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Baadaye ikafutwa pia adhabu ya asilimia 10 waliyotozwa wanufaika, yaani waliokopeshwa, waliochelewa kuanza kurejesha. Utekelezaji ulianza Julai mwaka huohuo. Mambo ni hayo mawili. Fedha uliyokopeshwa kwa ajili ya ada, chakula, malazi na vitabu haikuguswa, na hakuna tangazo lolote lililosema imesamehewa. Anayesambaza habari hiyo kwenye makundi ya simu anawaponza wenzake.

Nafuu iliyotolewa ilikuwa kubwa, na ndiyo maana inasikitisha kuona inaelezwa vibaya. Chukua mnufaika anayedaiwa Sh10,000,000, mwenye mshahara wa msingi wa Sh800,000. Makato ya kisheria ni asilimia 15 ya mshahara huo, yaani Sh120,000 kwa mwezi, sawa na Sh1,440,000 kwa mwaka. Zamani tozo ya mwaka wa kwanza peke yake ingekaribia Sh600,000, maana yake makato ya miezi mitano yasingepunguza hata shilingi ya mkopo. Wengi walikuwa wanakatwa kila mwezi na wakiangalia salio wanakuta halishuki. Kilio kile kilikuwa cha haki na kilisikilizwa. Leo mtu huyohuyo anamaliza deni kwa takriban miaka saba.

Bado tunasikia kwamba asilimia 15 ni riba. Si riba. Ni sehemu ya mshahara wako wa msingi, kabla ya posho, inayokwenda kupunguza deni lako mwenyewe. Ilikuwa asilimia 8 mpaka Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2016. Waliosaini mikataba yao wakati wa asilimia 8 waliona wamebadilishiwa masharti katikati ya safari, na hoja yao ilijadiliwa sana. Mahali pa kuipeleka ni bungeni, kupitia wabunge wenu. Sisi tunatekeleza sheria iliyopo, na afisa wa dirishani hana mamlaka ya kumpunguzia mtu kiwango hata akimwonea huruma.

Kuna kundi jingine: wazee wetu waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi ambazo Serikali ililipa kila kitu. Wao huwaambia watoto wao kwamba elimu ya juu ni wajibu wa dola na hakuna haja ya kuhangaika na deni. Nawaheshimu, lakini sera ile ilibadilika zamani. Uamuzi wa kuchangia gharama ulifanyika mwaka 1988, ukaanza kutekelezwa mwaka 1992. Mikopo ya Serikali ikaanza kutolewa Julai 1994, na Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Aliyekopeshwa kati ya mwaka 1994 na 2005 naye anadaiwa, kwa sababu sheria iliipa Bodi jukumu la kukusanya mikopo hiyo pia. Kusema "mimi nilisoma kabla ya Bodi" si utetezi.

Kama elimu ya juu irudi kuwa bure, huo ni mjadala wa kisiasa na una uzito wake. Lakini kila bajeti inaposomwa Dodoma, kinachoshangiliwa ni ukubwa wa fungu la mikopo: Sh570 bilioni mwaka 2021/22, Sh787 bilioni mwaka 2024/25. Kisichosemwa sana majukwaani ni kwamba sehemu ya fedha hizo ni marejesho ya waliotangulia. Fedha ya kujikimu ya mwanafunzi, lile bumu, ni Sh10,000 kwa siku. Makato ya mwezi mmoja ya yule mnufaika wa Sh800,000 yanamlisha na kumlaza mwanafunzi mmoja siku 12. Mtoto wa Pangani aliyekosa mkopo au kupewa nusu anaumia pale kaka zake wanapojificha.

Sasa waajiri, hasa shule binafsi na kampuni za uwakala wa forodha zilizo karibu na bandari. Ukimwajiri mhitimu wa chuo, unatakiwa kuijulisha Bodi kwa maandishi ndani ya siku 28. Bodi ikithibitisha kwamba anadaiwa, unamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa mwezi, pamoja na orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja. Ukichelewa, adhabu ni asilimia 10 ya kiasi hicho kwa kila mwezi. Mwenye walimu sita wanaokatwa Sh90,000 kila mmoja anapaswa kuwasilisha Sh540,000. Akizikalia, anaongezewa Sh54,000 kila mwezi, na hiyo anailipa mwajiri kutoka mfukoni mwake, si mwalimu. Tafadhali msituambie kwamba adhabu hii nayo ilifutwa mwaka 2021. Iliyofutwa ilikuwa ya mnufaika. Kumkata mtumishi kisha fedha zikaishia kwenye matumizi ya ofisi ni jambo zito kisheria, na tunalifuatilia.

Aliyejiajiri, awe na duka Chumbageni au bodaboda tatu Makorora, naye anarejesha muda wa kusubiri uliowekwa na sheria ukiisha: asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, au kiwango cha chini cha Sh100,000 kwa mwezi. Unachukua namba ya malipo kwenye mfumo wa Bodi na kulipia benki au kwa simu. Hakuna afisa anayepokea fedha mkononi. Akija mtu na kitabu cha risiti, ni tapeli.

Mwisho, waliomaliza deni lakini bado wanakatwa. Lalamiko hili lina msingi na tunalichukulia kwa uzito. Leta hati za mshahara za miezi yote iliyozidi, taarifa ya salio na namba ya akaunti yako ya benki. Baada ya uhakiki, mwajiri ataandikiwa asitishe makato, na kiasi kilichozidi utarudishiwa kwenye akaunti yako.