Sindano ya moyo wa mtoto na "damu ya ukoo"

Toka Ngamiani hadi Chumbageni, magrupu ya Tanga yanarushiana ujumbe uleule: mtoto aliyepata ugonjwa wa moyo kwa homa ya baridi yabisi ana "damu ya ukoo", yaani ugonjwa wa kurithi, sindano hazimfai. Si kweli. Vinasaba huchangia kinga ya mwili kushambulia vali (milango ya moyo), lakini kinachoanzisha ni bakteria wa koo, streptokoka, na penisilini humuua bila kujali ukoo. Benzathini, penisilini ya sindano, huchomwa kila wiki 3 hadi 4. Ikichelewa, dawa hupungua mwilini. Wengi huchanganyikiwa kwa kuwa vali yenye kovu haiponi kwa sindano: kazi ya sindano ni kuzuia shambulio jipya. Ndugu nao huambukizana bakteria huyo chumba kimoja, ndiyo maana ugonjwa huonekana kama wa ukoo. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kagua tarehe kwenye kadi ya kliniki. Imepita, mpeleke leo.