Neuschwanstein si ngome ya kale, na mengine ambayo wageni wa Bavaria huyakosea

Wageni kutoka Dar es Salaam na Nairobi wakishatua Munich, mji mkuu wa jimbo la Bavaria kusini mwa Ujerumani, hata mabegi hayajafunguliwa, swali ni lilelile: lini tunakwenda kwenye "ile ngome ya kale"? Wanamaanisha Neuschwanstein, kasri la mfalme Ludwig II wa Bavaria. Nawapeleka, ndiyo kazi yangu, lakini nimechoka kulieleza jambo moja huku napanda mlima nikihema. Naliandika hapa, anayekuja alisome kabla hajapanda ndege.

"Ni ngome ya zama za kati"

Si ngome, wala si ya zama za kati. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869, mwaka uleule uliofunguliwa Mfereji wa Suez. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imeizidi umri kwa zaidi ya miaka 270. Anayetaka jengo la rika la Neuschwanstein aende Forodhani, Unguja: Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash ilijengwa 1883, wakati huku Bavaria mafundi bado wanahangaika na nakshi za vyumba vya mfalme. Sijasikia mtu akiiita Beit al-Ajaib ngome ya zama za kati.

Kwa nini watu wanadanganyika? Kwa sababu kasri hili lilijengwa makusudi ili lidanganye. Ludwig II alirithi ufalme 1864 akiwa kijana wa miaka 18. Miaka miwili tu baadaye Bavaria ikashindwa vitani na Prussia, ufalme wa Kijerumani wenye makao Berlin, na 1871 ikaingia katika Dola ya Ujerumani. Taji akabaki nalo, lakini mambo makubwa ya vita na amani yakawa yanaamuliwa Berlin. Basi akajijengea milimani ufalme wa kuigiza, ambako hakuna waziri wa kumbishia. Michoro ya awali ilitoka mkononi mwa Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaani, mtu wa tamthilia. Msanifu majengo Eduard Riedel ndiye aliyeachiwa kazi ya kutafuta namna picha ile itakavyosimama juu ya mwamba. Ukumbi wa Waimbaji uliigwa kutoka Wartburg, ngome ya kweli ambayo mfalme aliizuru 1867, na kuta zimejaa visa vya kale vilivyomvutia Richard Wagner katika opera zake. Wagner mwenyewe alifariki 1883 bila kulitia mguu.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Pale juu kweli palikuwa na magofu mawili ya ngome za zama za kati. Yakaondolewa, mwamba ukapasuliwa kwa baruti na kushushwa kama mita nane, ndipo ujenzi ukaanza. Ya kweli yakabomolewa ili ya kuigiza yapate uwanja.

Msiniamini mimi, tazameni jengo. Nyumba ya lango ni ya matofali mekundu, yako wazi kabisa mbele ya macho, na watu wanapita chini yake wakitafuta mahali pa kujipiga picha. Kuta nyeupe za jengo kuu nazo ni matofali yaliyovikwa mawe ya chokaa. Vifaa vilipandishwa kwa kreni ya mvuke. Ukumbi wa kiti cha enzi umeshikiliwa na chuma. Ndani mna maji ya bomba, vyoo vinavyojisafisha kwa maji, mfumo wa hewa ya moto wa kupasha vyumba joto, kengele za umeme za kuwaita watumishi, na hata simu. Bado mgeni ataniuliza mafuta ya moto yalikuwa yakimwagiwa maadui kutoka dirisha gani! Hakuna dirisha la namna hiyo. Hakuna aliyelizingira kasri hili hata siku moja, labda nyie wenye vijiti vya kupigia selfi.

Tena halikumalizika. Katika ukumbi wa kiti cha enzi utaona ngazi za marumaru nyeupe zikipanda hadi kwenye jukwaa lililo tupu: kiti chenyewe hakikuwahi kutengenezwa, mfalme alikufa kwanza. Mnara mkuu uliokuwa kwenye ramani haukujengwa, na vyumba vingi vilibaki kuta tupu. Siku zote alizokaa Ludwig humo, ukizijumlisha, ni 172. Hata jina Neuschwanstein hakulijua. Lilibandikwa baada ya kifo chake.

Ninaposema si la kale sisemi si zuri. Mwezi Julai 2025 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia makasri manne ya Ludwig, yaani Neuschwanstein, Linderhof, Schachen na Herrenchiemsee, na yanastahili. Ila yanastahili kwa kuwa kazi ya karne ya 19. Ukilitazama hivyo utaliona vizuri zaidi, maana utaacha kutafuta mizinga.

Na kama roho yako inataka ngome hasa, nenda Burghausen, kwenye mpaka wa Austria. Nawaambia watu kila mara na hawanisikii. Ngome ile ina urefu wa mita 1,051, ndiyo ndefu kuliko zote duniani, imekaa juu ya ukingo mwembamba kati ya mto Salzach na ziwa dogo la Wöhrsee. Unavuka ua mmoja baada ya mwingine, zote sita, na kila mmoja adui angelazimika kuuteka peke yake. Kuzunguka kwenye nyua hizo hulipi kitu. Hedwig, binti wa mfalme wa Poland aliyeolewa kwa sherehe kubwa katika mji wa Landshut mwaka 1475, aliishi humu. Hapa uliza maswali ya mafuta ya moto, nitajibu kwa furaha.

"Mfalme kichaa aliyeifilisi Bavaria"

Hazina ya serikali haikujenga makasri haya. Ludwig alitumia fedha zake za kifalme, na zilipokwisha akakopa, akakopa tena, mpaka madeni yakafika takriban marki milioni 14. Aliyefilisika ni yeye, na mawaziri walichoka na barua zake za kutaka mikopo mingine. Kuhusu ukichaa: jopo la madaktari lililoongozwa na Bernhard von Gudden lilitoa ripoti Juni 1886 kwa kutegemea maelezo ya mashahidi, bila kumpima mgonjwa. Akatolewa Neuschwanstein, akapelekwa kasri la Berg, na tarehe 13 Juni yeye na von Gudden wakakutwa wamekufa katika Ziwa Starnberg. Nini kilitokea majini, watu wanabishana hadi leo, na mimi siingii. Tarehe 1 Agosti mwaka uleule kasri likafunguliwa kwa wenye kulipa kiingilio, na kufikia 1899 mapato yalikuwa yameshafidia madeni ya ujenzi. Leo huingia watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hasara gani hiyo?

"Tiketi tutanunua mlangoni"

Mlangoni hapauzwi tiketi. Ofisi ya tiketi iko chini kijijini Hohenschwangau, na wakati wa kiangazi ukifika bila kuweka nafasi mtandaoni unaweza kuambiwa siku imejaa. Tiketi ina saa yake. Kutoka kijijini kupanda kwa miguu ni dakika 30 hadi 40, na ukichelewa kundi lako limeshaingia, hakuna cha kubembeleza. Huzunguki peke yako: ni msafara wenye kiongozi, kama nusu saa, basi. Magari ya farasi nayo hayakufikishi langoni, utashuka na kumalizia mwenyewe. Majira ya baridi theluji na barafu husimamisha basi la kupandia na kufunga daraja la Marienbrücke, ambalo ndilo lenye ile picha mnayoitaka.

"Tiketi moja inatosha makasri yote"

Kasri la manjano la Hohenschwangau, alikokulia Ludwig, liko chini ya mfuko wa Wittelsbach, ukoo wa wafalme wa Bavaria. Neuschwanstein ni mali ya jimbo. Kila moja na kiingilio chake.

"Majumba ya mjini ndiyo asilia"

Residenz ya Munich, yaani jumba la kifalme la mjini, iliharibiwa vibaya kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Sehemu kubwa mnayoiona ni kazi ya mafundi wa baada ya vita. Residenz ya mji wa Würzburg iliungua Machi 1945, lakini kuba la msanifu Balthasar Neumann juu ya ngazi kuu lilisimama, na mchoro wa darini wa Mtaliano Tiepolo ukasalimika. Huo ni wa 1752 na 1753, asilia kabisa, na mimi ningelala chini niutazame kama walinzi wangeruhusu.

"Nitapiga picha ndani"

Ndani ya Neuschwanstein hupigi. Hata moja, hata ya siri. Dukani wanauza kadi za posta, na zimepigwa vizuri kuliko simu yako.